Kiwanda Kisicho na Tangi

Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno moja jipya: makinikia. Makontena yalizuiwa bandarini, kamati zikaundwa, na hakuna kijiwe cha kahawa ambacho hakikuwa na mtaalamu wake wa madini. Swali lilikuwa moja: kwa nini tusiyeyushe wenyewe? Jibu tulilopewa ni kwamba tanuri ni ghali, linakula umeme, na mzigo wetu peke yake hautoshi kulilisha. Baada ya hapo watu tukarudi kwenye mambo ya mpira na bumu limechelewa.

Mimi nataka kulirudisha lile swali, ila nalipitisha mlango wa uani. Nataka kuzungumzia wadudu wasioonekana kwa macho, wanaotoa madini kwenye mawe bila tanuri. Kisha nataka kuzungumzia shamba la mpunga la mjomba wangu kule Delta ya Rufiji. Nivumilieni, vitu hivi viwili ni kitu kimoja.

Tuanze na wadudu wenyewe. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Colmer na Hinkle, walichunguza maji machungu yenye rangi ya kutu yaliyokuwa yakitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe huko West Virginia. Wakaonyesha kwamba tindikali ile haikuwa kazi ya hewa na mvua tu. Ndani ya maji yale kulikuwa na bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Leo mmoja wao anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans. Jina refu, lakini kazi yake ni rahisi kuielewa. Kuna jiwe linaitwa pairiti, lile linalong'aa manjano na kumdanganya mchimbaji mgeni akadhani ameokota dhahabu. Ni chuma na salfa vilivyoshikana. Likikutana na hewa na maji linaoza taratibu, na kuoza kwake kunatoa tindikali kali, ileile ya betri ya gari. Bila bakteria, kuoza huko kunachukua muda mrefu mno. Bakteria wakiingia, hatua ile ya chuma inayochelewesha kila kitu inaweza kwenda kasi hata mara milioni moja.

Wachimbaji wakaona hapo kuna mali. Kama ndani ya pairiti kumefungwa shaba, kobalti, nikeli au dhahabu, basi bakteria wakilila jiwe, shaba na kobalti vinayeyuka ndani ya tindikali na unavivuna kwenye maji. Dhahabu yenyewe haiyeyuki hivyo, ila inafunguliwa kutoka jela yake, ndipo sianidi inaweza kuifikia. Afrika haikuwa mtazamaji katika hili. Kiwanda cha Fairview kule Barberton, Afrika Kusini, kilianza kutumia bakteria kwenye dhahabu mwaka 1986. Obuasi nchini Ghana wakafuata mwaka 1994 kwa kiwango kikubwa zaidi.

Ila mfano ninaoupenda uko jirani kabisa, Kasese, magharibi mwa Uganda.

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulifanya kazi tangu 1956 hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Shaba ilikwenda kuyeyushwa Jinja. Pairiti iliyobaki, zaidi ya tani milioni moja, ikarundikwa Kasese kwa sababu haikuwa na mnunuzi. Ndani yake kulikuwa na kobalti kidogo, kama asilimia 1.4. Kwa miaka rundo lile lilikaa juani na mvuani. Bakteria hawakusubiri mwekezaji. Walianza kazi wenyewe. Kila mvua ilipopiga, tindikali na metali vilishuka kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth na Ziwa George, vikaacha mkanda wa ardhi ambao hata nyasi hazioti. Ziwa lenyewe ndilo eneo la kwanza la Uganda kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, mwaka 1988.

Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kikaanza kulila rundo lile. Teknolojia ilitengenezwa pamoja na Wafaransa wa BRGM. Pairiti ilichanganywa na maji, ikatiwa kwenye matangi makubwa, kila tangi likibeba zaidi ya mita za ujazo elfu moja, hewa ikipulizwa ndani mfululizo, joto likishikiliwa karibu nyuzi 42. Siku chache baadaye kobalti ilikuwa imeshatoka kwenye jiwe. Tindikali ikatulizwa kwa chokaa, chuma kikachujwa, kobalti ikavunwa kwa umeme wa kiwanda chenyewe wa maporomoko ya maji. Bei ya kobalti iliposhuka kiwanda kilisimama kwa muda, kikarudi, kikaendelea mpaka rundo likaisha.

Kitu cha kushika hapa ni kimoja. Bakteria waliokuwa wakiua nyasi kuelekea Ziwa George na bakteria waliolipa mishahara kiwandani ni ukoo uleule, wakifanya kazi ileile. Hawakubadilika tabia. Kilichoongezeka ni tangi: mtu aliyeamua hewa iingie kiasi gani, maji yaende wapi, na chokaa iwekwe lini. Penye tangi uliita kiwanda. Pasipo na tangi uliita sumu.

Sasa twende Kibiti.

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu kwa barabara ya Kilwa, unafika Bungu, unakata kushoto kuelekea Nyamisati, pale panapopakiwa boti za Mafia. Kutoka hapo ni maji na mikoko. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko wote Afrika Mashariki, na tangu 2004 ni sehemu ya eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa. Maji yakipwa, utasikia harufu ya yai viza ikitoka kwenye tope. Wageni huziba pua. Wenyeji hawaisikii tena.

Upande wa kaskazini wa Delta, ambako maji matamu ya mto yanazidi nguvu maji ya bahari, watu wanalima mpunga. Mjomba wangu ni mmoja wao. Aliingia kwenye eneo lililokuwa na mikoko, akakata, akachoma, akajenga dungu lake, akalima. Misimu ya kwanza mavuno yalikuwa ya kusifiwa. Baadaye yakapungua, yakapungua tena, mpaka mwaka alioniambia, "Mjomba, shamba limechoka." Akahamia mbele, akakata tena. Kwenye kipande cha zamani maji ya mtaroni yalikuwa na utando wa kutu, na udongo uliopasuka ulikuwa na madoa ya manjano, kama mtu amemwaga unga wa dona na kusahau kufagia.

Nilipokwenda likizo na kuyaona yale madoa, nilikuwa nimetoka kusoma Kasese kwa ajili ya semina. Nikasimama pale nikiwa na chepe mkononi, nikajiona mjinga. Miaka mitatu nimekaa darasani nikikariri mlinganyo wa pairiti kwa ajili ya mtihani, na sikuwahi kuuhusisha na kwetu.

Kwa sababu harufu ile ya yai viza ni salfa. Maji ya bahari yana salfeti nyingi. Kwenye tope la mikoko lisilo na hewa kuna bakteria wa kundi jingine wanaoigeuza salfeti ile kuwa salfaidi wakati wakila majani yaliyooza. Mto unaleta chuma kutoka bara pamoja na udongo wake. Salfaidi na chuma vikikutana gizani, vinatengeneza pairiti, vipande vidogo sana, msimu hadi msimu, kwa maelfu ya miaka. Wataalamu wa udongo wanalijua hili kwenye matope ya mikoko ya delta duniani kote. Ardhi ya namna hiyo haina shida yoyote ikikaa chini ya maji. Ni kama rundo la Kasese lililofunikwa.

Ukikata mikoko, ukachimba mitaro, ukaacha tope likauke na kupasuka, umefungua kifuniko. Hewa inaingia, na bakteria wa Kasese wanaamka. Hesabu ya kemia ni ya darasa la kwanza la chuo: tani moja ya pairiti ikioza yote inaweza kutoa takribani tani moja na nusu ya tindikali ya salfuriki, na zaidi kidogo. Tindikali inayeyusha alumini na chuma vilivyo kwenye udongo, alumini inachoma mizizi ya mpunga, maji ya mtaroni yanakuwa ya kutu, na madini ya manjano yanayoitwa jarosaiti yanajitokeza kwenye nyufa. Kwa maneno mengine, mkulima anaendesha kiwanda cha kuyeyusha metali kwa bakteria bila leseni, bila tangi, bila chokaa na bila kujua. Anacholipwa ni shamba kufa.

Nisieleweke vibaya. Sidai kila shamba lililoachwa Delta limeuawa na tindikali. Muulize mkulima yeyote atakutajia magugu, atakutajia kaa wanaokata miche, atakutajia chumvi msimu wa mvua haba. Ni kweli tupu. Ndiyo maana nasema lazima kupima shamba kwa shamba: pa kaa paitwe pa kaa, pa tindikali paitwe pa tindikali, kwa sababu dawa zake hazifanani. Mkulima anayeambiwa "ongeza mbolea" kwenye udongo wenye tindikali ameibiwa hela mara mbili.

Najua wapo watakaosema: angefuata sheria, asingekata mikoko, tatizo lingeisha. Mikoko ni hifadhi ya serikali, na kukata bila kibali ni kosa. Sibishani na sheria. Nabishana na namna tunavyoizungumza. Tunamfuata mkulima na mgambo, hatumfuati na sababu. Tunamwambia mikoko inatunza samaki, inazuia mawimbi, inameza hewa ukaa. Yote sawa, lakini hayo ni faida ya watu wengi wengine. Hakuna aliyemwambia jambo linalomhusu yeye na tumbo lake: kwamba chini ya baadhi ya vipande hivi kuna kitu kitakachokula shamba lako ndani ya misimu michache, kwa hiyo jasho la kukata na kung'oa visiki ni jasho la bure. Mtu mzima akielezwa hivyo, na akaonyeshwa kwa macho, anajua la kufanya.

Na watu wa Delta si watu wa kudharauliwa kwenye kufikiri. Miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kampuni moja kufuga kamba kwenye maelfu ya hekta ndani ya Delta, Baraza la Mawaziri liliupitisha mwaka 1997, ingawa NEMC, baraza letu la mazingira, lilishauri usikubaliwe. Wanakijiji wengi waliukataa, na wakafika hadi Mahakama Kuu. Mradi haukufanyika. Mabwawa ya kamba nayo yangechimbwa kwenye tope hilihili, na popote yanapochimbwa kwenye tope lenye pairiti, kingo zake hutoa tindikali. Tusijifanye sisi tuna cha kuwafundisha na wao hawana.

Kwingine duniani wakulima wamejifunza kuishi na tope la namna hii. Guinea-Bissau, wakulima wa mpunga wa mikoko wana desturi ya kuruhusu maji ya chumvi yaingie mashambani kiangazi, jambo ambalo ukilisikia unadhani ni wazimu, ili udongo usikauke. Mvua ikija inaosha chumvi, wanapanda. Chumvi inaoshwa kwa msimu mmoja, lakini tindikali ikishaanza, haiondoki kirahisi. Kwenye delta ya Mekong nchini Vietnam, ambako ardhi ya namna hii inahesabiwa kwa zaidi ya hekta milioni moja, kilimo kinategemea kulishikilia maji juu ya udongo na kuuosha kwa mafuriko ya maji matamu. Kote huko tangi ni maji. Anayeshika maji ndiye anayeshika bakteria.

Hapo ndipo mambo yanapopanda hadi bwawani. Tangu Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mto Rufiji una funguo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyowatoa watu majumbani Rufiji na Kibiti, mjadala wote ulikuwa wa maji mengi. Ni haki yake, watu waliumia. Ila Delta inaweza kuumizwa vilevile na maji machache kwa miaka mingi, polepole, bila picha za kurusha kwenye simu. Anayepanga ratiba ya kufungulia maji anapanga pia lini tope lililokatwa mikoko litakauka. Sijawahi kusikia jambo hilo likisemwa kwenye kongamano lolote hapa chuoni.

Rafiki zangu wa uhandisi wa migodi watasema nachanganya kilimo na madini. Ndiyo, nachanganya, kwa sababu pairiti haijui mpaka wa idara. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe kule Tarime, na taifa likashtuka. Kemia ya Tigithe, ya Kasese na ya mtaro wa mjomba ni moja. Tofauti ni kwamba Tigithe kulikuwa na kampuni ya kulaumu, kwa hiyo tume zilikwenda. Kwenye mtaro wa mpunga wa kulaumiwa ni mkulima mwenyewe, kwa hiyo haendi mtu.

Basi napendekeza nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili wa nje.

La kwanza, tuichukue teknolojia hii kwa uzito pale inapofaa. Tuna magwangala ya Geita, tuna marudio yaliyotapakaa kanda yote ya Ziwa, tuna mawe yenye salfa ambayo wachimbaji wadogo wanayaacha kwa sababu zebaki haiambulii kitu. Si kila rundo litawafaa bakteria. Pale dhahabu isipofungwa ndani ya salfaidi ni kupoteza muda, na penye aseniki lazima uwe na pa kuiweka. Ila kujua rundo lipi linafaa ni kazi ya maabara na ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kasese walianza na rundo walilokuwa nalo tayari, lililokuwa linawaua. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitaka: bakteria wapewe kazi kwenye uchafu uliokwisha kufunguliwa, si kwenye ardhi iliyofunikwa.

La pili, tukapime Delta. Kipimo cha mwanzo si cha kutisha. Unachukua tope kutoka kina tofauti, unapima uchachu wake kwa karatasi au kwa mita ndogo, unatia hidrojeni peroksaidi ukiwa umevaa glovu na miwani, unasubiri litulie, unapima tena. Likishuka hadi chini sana, unajua kuna pairiti inayosubiri. Kuna njia nyingine isiyohitaji hata peroksaidi: weka tope bichi kwenye mfuko, liweke na unyevu na hewa kwa wiki kadhaa, pima kila wiki. Likianza karibu saba na kuishia chini ya nne, umeona mustakabali wa shamba lile kabla halijalimwa. Wanakemia, wanabiolojia na wanajiolojia wa hapa Mlimani pamoja na ndugu zetu wa udongo wa Sokoine wanaweza kuifanya kazi hii kwenye fildi badala ya kwenda kukaa ofisini kutoa fotokopi.

La tatu, majibu yabaki kijijini. Hatujaenda kuchukua sampuli ili tupate digrii halafu ripoti ikae kabatini. Ramani itundikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ikionyesha kipande kipi kisiguswe, kipi kilimwe kikiwa na maji, kipi kilichokufa kirudishiwe maji na mikoko. Umoja wetu wa wanafunzi unapata pesa za bonanza kila mwaka. Boti ya Nyamisati haigharimu kama spika za bonanza.

Mjomba bado analima. Mwaka huu aliniuliza kama chuoni wanatufundisha kitu chochote cha maana. Nilimjibu kwamba wanatufundisha sana, ila sisi ndio hatujarudi nacho nyumbani. Akacheka, akasema, "Basi rudi nacho, mjomba, kabla sijakata kipande kingine."

Msimu wa kuandaa mashamba hautusubiri tumalize UE.